Wakili wa Serikali Si Boda

Kuna sentensi ambayo umeisikia Kenya hii mpaka umeizoea: "Mimi natumwa tu." Kanjo akimwaga nyanya za mama mboga, anatumwa tu. Jamaa anayekuja kukata stima na ngazi begani, anatumwa tu. Mlinzi anayekuzuia getini kwa sababu umevaa malapa, naye pia. Sina vita na hao. Mshahara wao hauwaruhusu kubishana, na ukiwauliza sababu ya amri watakwambia ukweli, kwamba hawaijui.

Vita vyangu ni na sentensi hiyo ikipanda lifti. Ikifika ghorofa ya juu, ikavaa suti, ikaketi mbele ya faili la mkataba wa kununua stima kwa miaka 20, halafu ikasema vilevile: mimi ni wakili wa serikali, mteja wangu ameshaamua, mimi natumwa tu. Hapo nakataa. Mtu wa boda anabeba mzigo bila kuufungua, na akiufungua tutagombana. Wakili analipwa kuufungua mzigo. Hiyo ndiyo kazi yote. Akikataa kuufungua, tumeajiri boda ghali sana.

Mfano wangu uko mbali, na nauleta kwa makusudi. Ni wa mawakili wa serikali ya Marekani wanaoshauri juu ya mitambo ya upepo inayojengwa baharini. Najua kuna mtu tayari anauliza: kwani sisi tuna mtambo gani wa upepo baharini? Hatuna hata nguzo moja. Lakini kule stori hii imeandikwa, ina tarehe, ina sahihi, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuisoma. Sisi stori zetu za aina hiyo hutufikia zikivuja.

Mimi mwenyewe si wakili, nisije nikaitwa msomi bure. Chuo niliacha kabla ya kumaliza. Uzuri wa PDF ni kwamba haikuulizi cheti.

Sasa, bahari ya Marekani imegawanywa hivi. Sehemu kubwa ya pwani, maili 3 za kwanza kutoka ufuoni ni za jimbo. Kupita hapo, sakafu ya bahari ni ya serikali ya kitaifa, na anayeisimamia ni wizara ambayo jina lake hupotosha: Wizara ya Mambo ya Ndani. Usifikirie polisi na vitambulisho. Kule hiyo ndiyo wizara ya ardhi ya umma, mbuga, madini, na mafuta ya baharini. Mwaka 2005 bunge lao liliipa wizara hiyo mamlaka ya kukodisha sakafu ya bahari kwa ajili ya upepo pia. Ndani ya sheria hiyo kuna aya moja yenye mambo 12 ambayo waziri lazima ahakikishe yamezingatiwa kwa kila mradi. Usalama. Mazingira. Ulinzi wa taifa. Malipo ya haki kwa umma. Na humo katikati, jambo moja lenye maneno machache: kuzuia mwingiliano na matumizi halali ya bahari. Yaani mradi wako usiwavuruge wengine walio na sababu nzuri ya kuwa pale. Wavuvi, kwa mfano. Meli.

Neno lenyewe ni "kuzuia". Lizungushe kichwani kidogo. Kuzuia mwingiliano wote? Ukisema wote, hakuna mtambo utakaojengwa milele, manake nguzo ikishasimama pale ilipo, nyavu ya mtu haipiti hapo. Kuzuia mwingiliano uliozidi kiasi? Sasa nani apime kiasi? Sheria imeandika, halafu imenyamaza. Kwenye huo ukimya ndipo wakili wa serikali anapofanyia kazi. Haonekani kwa runinga, hakati utepe, lakini anavyolisoma neno moja ndivyo inavyoamuliwa kama mradi wa mabilioni ya dola utasimama au utalala.

Wizara ile ina wakili wake mkuu, cheo chake kinaitwa Solisita. Akitoa maoni rasmi juu ya maana ya sheria, maoni hayo hupewa nambari inayoanza na herufi M, huchapishwa, na huifunga wizara nzima mpaka yatakapoondolewa. Angalia basi kilichotokea kwa hilo neno moja.

Desemba 2020, wiki chache kabla Trump aondoke mara ya kwanza, Solisita wake alitoa maoni nambari M-37059. Alisema waziri anapopima, aegemee upande wa kupunguza mwingiliano, hasa kwa wavuvi. Wakati huo mradi wa Vineyard Wind, mitambo 62 kusini mwa kisiwa cha Martha's Vineyard, ulikuwa unasubiri kibali. Aprili 2021, Biden akiwa ameingia, wakili mwingine kwenye ofisi ileile akatoa M-37067: hapana, mambo yale 12 yanapimwa kwa pamoja, hakuna moja linalokalia mengine, na waziri ana nafasi ya kuamua. Mwezi uliofuata Vineyard Wind ikapata kibali. Kisha Trump akarudi, na Mei 2025 wizara ikayafuta maoni ya 2021 na kuyarudisha ya 2020.

Mara tatu kwa muda usiofika miaka mitano. Aya yenyewe haikuguswa hata koma.

Msomaji mwenye moyo mgumu atasema: si unaona? Hao pia wanatumwa. Rais akibadilika, maana inabadilika. Nakubali nusu. Serikali iliyochaguliwa ina haki ya kubadilisha mwelekeo, na wakili asiyependa mwelekeo huo hana haki ya kujifanya rais wa pili. Kama watu wamepiga kura wakitaka mafuta badala ya upepo, hilo ni kosa lao na ni haki yao pia. Na maneno ya sheria kweli yanabeba zaidi ya usomaji mmoja, hata mimi niliyesoma nikiwa kwa matatu ya Rongai niliona hivyo.

Nusu nyingine siikubali, na sababu ni hii. Maoni yote matatu yana sahihi ya mtu. Yana hoja. Mvuvi wa New Bedford anaweza kuyachukua na kwenda nayo kortini, mwenye mradi vilevile, na jaji anaweza kuyapasua. Ule wa 2021 alilazimika kueleza kwa nini yule wa 2020 alisoma vibaya. Huwezi kumrukia mwenzako bila kuandika. Kazi ya uwakili iko hapo hata pale siasa inapoendesha gari: ukitaka kupindisha sheria lazima upinde mbele ya watu, na mgongo wako uonekane.

Na wavuvi tusiwarushe pembeni eti ni watu wa zamani wanaozuia maendeleo. Hiyo lugha tunaijua, imetumika kwa watu wetu sana. Mtu aliyevua kamba na kome sehemu moja maisha yake yote, akiambiwa nguzo zitasimama hapo, ana swali la haki. Walishtaki. Kesi zao dhidi ya Vineyard Wind zilifika mpaka mahakama ya rufaa kule Boston, na Desemba 2024 wakashindwa. Walishindwa wakiwa wamesikizwa, wakiwa na karatasi mkononi inayoonyesha serikali ilifikiria nini. Kushindwa hivyo kunauma, lakini si sawa na kuamka ukapata tingatinga.

Kisha ukaja mwaka 2025, na hapo ndipo tunaona wakili akigeuzwa boda.

Januari 20, siku ileile aliyoapishwa, Trump alitia sahihi waraka unaosimamisha ukodishaji wowote mpya wa bahari kwa ajili ya upepo, na kuziagiza idara zisitoe vibali vya miradi ya upepo mpaka ukaguzi ufanywe. Aprili wakasimamisha Empire Wind, karibu na New York, ujenzi ukiwa umeanza. Mwezi mmoja baadaye wakairuhusu tena. Agosti 22 ikawa zamu ya Revolution Wind, mradi wa megawati 704 wa kupeleka umeme Rhode Island na Connecticut. Huu haukuwa mchoro kwenye karatasi. Ulikuwa umefika asilimia 80, mitambo 45 kati ya 65 ishasimamishwa majini. Vibali vyote ulikuwa navyo tangu 2023. Barua ya kuusimamisha ilikuwa fupi, ikataja usalama wa taifa, na ikataja, hebu kisia, kuzuia mwingiliano na matumizi halali ya bahari. Lile neno letu. Safari hii halikuja na hoja nyuma yake. Lilikuja kama muhuri.

Septemba 22 jaji Royce Lamberth wa Washington aliizima amri hiyo na kazi ikaendelea. Na kabla hujasema ni jaji wa upande wa pili, aliteuliwa na Reagan.

Kesi inayonifurahisha zaidi ni nyingine. Majimbo 17 pamoja na Washington DC yalishtaki ule usimamishaji wa vibali ulioanza Januari. Desemba 8, 2025, jaji Patti Saris wa Massachusetts akaufuta. Idara zilikuwa zimejitetea kwamba zilikuwa zinatekeleza tu agizo la rais. Soma tena hapo. Mawakili wa serikali yenye nguvu kuliko zote duniani walisimama mbele ya jaji wakasema, kwa Kiingereza kizuri, mheshimiwa, sisi tulitumwa tu. Na jaji akasema hiyo haitoshi. Sheria inaitaka idara itoe sababu zake yenyewe, na agizo kutoka juu si sababu.

Wiki mbili baadaye wizara ikasimamisha tena miradi mitano kwa mpigo, safari hii kwa jina la usalama wa taifa, na Januari 2026 majaji wakaanza kuiachilia mmoja baada ya mwingine. Sitajifanya ni stori yenye mwisho mtamu. Mwekezaji aliyepigwa breki mara mbili hahitaji mara ya tatu ndiyo aelewe. Mafundi walikaa wakingoja. Hasara yote hiyo ilitoka kwenye karatasi ambazo mtu fulani, kwenye dawati fulani, alipaswa kuzisoma na kusema: mheshimiwa waziri, hii haitasimama kortini, na hizi hapa sababu tano.

Wapo wanaosema hivyo. Mfano mzuri haukutoka baharini, ulitoka barabarani. Aprili 2025 mawakili wa serikali kuu mjini New York walikuwa wanaitetea Wizara ya Uchukuzi iliyotaka kuua ada ya magari yanayoingia Manhattan. Kwa bahati mbaya wakapakia kwenye faili la mahakama waraka wao wa siri. Ndani yake walikuwa wanamwambia mteja wao peupe kwamba hoja zake haziwezi kushinda, na kumpendekezea njia nyingine ya kisheria. Wizara ikakasirika, kesi ikaondolewa mikononi mwao. Watu walicheka sana mtandaoni kuhusu huo upuzi wa kupakia faili isiyofaa. Mimi sikucheka. Niliusoma nikafikiria: kumbe kuna ofisi ambapo wakili anamwandikia waziri kurasa 11 za kumwambia amekosea. Nikajiuliza kwetu ni wangapi, na tutawajulia wapi.

Haya, turudi nyumbani.

Upepo wetu uko nchi kavu, Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mitambo 365, megawati 310. Ukipata stima ya bei ya tokeni unayolalamikia, kuna kipande chake kinatoka huko. Mradi ulikuwa tayari 2017. Laini ya kubeba umeme mpaka Suswa haikuwa tayari, manake kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi ilifilisika. Mitambo ikaunganishwa kwa gridi Septemba 2018. Katikati hapo, kwa sababu ya namna mkataba ulivyoandikwa, Kenya ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja. Sehemu ya deni ililipwa taslimu, nyingine ikapachikwa kwenye bei ya umeme. Benki ya Dunia yenyewe ilikuwa imejitoa kwenye dhamana ya mradi huo tangu 2012, ikiogopa kwamba tutajifunga kulipia umeme tusioweza kuutumia.

Mkataba huo ulisomwa na watu. Kuna kipengele kilichosema nani atalipa laini ikichelewa. Kuna wakili wa umma aliyekipitia, akaweka kalamu kando, akaenda lunch. Je, aliandika onyo? Aliandika na akapuuzwa? Hizo ni stori mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inamhukumu wakili, ya pili inamhukumu waziri. Bila karatasi, wote wawili wako salama, na bili inakuja kwako.

Halafu kuna ardhi. Ekari 150,000. Jamii za wafugaji zilishtaki 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, utaratibu wa kutenga ardhi ya jamii haukufuatwa. Mitambo wakati huo ilikuwa imezunguka miaka mitatu. Linganisha na yule mvuvi wa Marekani. Yeye alibishana kabla nguzo hazijasimama, akiwa na maoni ya Solisita mkononi. Mfugaji wa Marsabit alingoja miaka saba apate kuambiwa kwamba alikuwa sahihi, feni zikizunguka juu ya kichwa chake.

Sisemi Wamarekani ni malaika. Nimekwisha kukuonyesha vile wanavyorushiana neno moja kama mpira. Ninachotaka ni ile nambari yenye herufi M.

Ukileta hoja hii mbele ya wakili msomi yeyote atakujibu kwa neno moja: siri. Mawasiliano ya wakili na mteja ni siri, na bila siri hakuna mteja atakayeambiwa ukweli. Ni hoja nzuri. Kesi ikiwa inaendelea, sitaki serikali yangu imwage karata zake mezani. Lakini niulize, mteja ni nani? Katiba, Ibara ya 156, inasema Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri mkuu wa kisheria wa Serikali. Ibara hiyohiyo ikishuka chini inamwagiza akuze na kulinda utawala wa sheria na atetee maslahi ya umma. Haisemi amtetee waziri. Waziri ni mpangaji, hukaa miaka michache akahama. Mwenye nyumba ni nani? Na tangu lini mwenye nyumba akakatazwa kusoma ripoti ya fundi aliyemlipa yeye?

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema mkataba wowote unaozidi shilingi bilioni 5 lazima upitishwe na Mwanasheria Mkuu kabla ya kutiwa sahihi. Bilioni tano! Yaani kila dili kubwa ya ununuzi inayokuudhi imepita kwenye dawati la wakili anayelipwa na wewe, na wakili huyo ametoa jibu. Jibu lipo kwenye faili. Kilichokosekana ni mazoea ya kulichapisha.

Ukitaka kujua siri hiyo hutugharimu nini, kumbuka 2024. Mpango wa Adani kuchukua uwanja wa ndege wa JKIA tuliujulia kwa X, kwa sababu Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa masomoni Ufaransa, aliweka nyaraka hadharani. Oktoba mwaka huohuo ikatiwa sahihi nyingine ya laini za stima, dola milioni 736, na Chama cha Mawakili kikakimbilia Mahakama Kuu. Mwezi uliofuata rais akasimama bungeni akafuta zote mbili, baada ya Marekani kumfungulia mashtaka mwenye kampuni. Nchi nzima ikapiga makofi. Mimi nilibaki na swali la kuudhi: je, kabla ya makofi, kwenye faili la serikali, palikuwa na ukurasa unaosema hii si sawa? Kama haukuwepo, tulikuwa tunalipa nani? Kama ulikuwepo, kwa nini tulimtegemea mwanafunzi aliye ng'ambo?

Hata bahari yenyewe tumewahi kuishughulikia hivyo. Somalia ilitushtaki Hague mwaka 2014 kuhusu mpaka wa baharini. Eneo linalobishaniwa lilizidi kilomita mraba 100,000. Tulianza kwa kusema korti haina mamlaka, 2017 tukashindwa kwa hilo. Machi 2021, siku za kusikilizwa zilipofika, Kenya haikwenda. Oktoba 12 hukumu ikatoka na sehemu kubwa ya tulichodai ikaenda. Mkakati huo ulikuwa ushauri wa nani? Sakafu ya bahari, kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba, ni ardhi ya umma. Ni yako kama vile barabara ya mbele ya nyumba yenu ni yako. Siku moja mtu atakuja kutaka kusimika mitambo ya upepo huko Lamu au Kilifi, na siombei isifike, stima tunaihitaji. Lakini Lamu tayari wana kumbukumbu: Aprili 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wao zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari mpya ilijengwa bila kuwafikiria. Bandari kwanza, wavuvi baadaye. Swali la "kuzuia mwingiliano na matumizi halali" lipo pwani yetu. Kitu tulichokosa ni mtu wa kulijibu kwa maandishi kabla ya mchanga kuchimbwa.

Rafiki yangu mmoja aliyemaliza sheria, na sasa anahangaika na mahojiano ya kazi, aliniambia naongea kama mtu asiyelipa rent. Wakili kijana wa serikali akiandika "hapana" mara mbili, alisema, mara ya tatu hatapewa faili, atapelekwa kaunti ya mbali akapige mihuri. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki ushujaa. Ushujaa ni mpango wa nchi isiyo na mpango. Nataka utaratibu ambao hauhitaji shujaa: maoni yakichapishwa yakiwa na sahihi, anayeogopa si yule aliyeandika ukweli peke yake, anaogopa pia yule aliyeandika uongo, manake jina lake litabaki pale hata waziri wake akiwa amerudi kwao kufuga ng'ombe wa maziwa. Huyo rafiki yangu angelala vizuri zaidi. Na nafikiri angeomba hiyo kazi kwa furaha, badala ya kuiomba kwa sababu ya bima ya afya.

Na msiniambie vijana hawatasoma. Mwaka 2024 tulisoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza ushuru wa mkate kwa video za dakika moja. Watu walisoma hati ya kodi! Maoni ya kisheria juu ya bei ya stima ni hadithi tamu kuliko hiyo.

Kwa hivyo nimeandika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Naomba kitu kidogo: orodha ya mikataba ya nishati iliyozidi bilioni 5 ambayo imepitishwa kisheria tangu 2016, na maoni yaliyotolewa kwa kila mmoja. Wanaweza kuninyima kwa kisingizio cha siri ya kitaaluma, sheria hiyohiyo ina mlango huo. Lakini inasema pia korti inaweza kuufungua pale faida kwa umma inapozidi madhara. Nimeipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri, nakala ninayo. Karani aliyeipokea aliisoma mstari wa kwanza, akaniangalia, akaniuliza nimetumwa na nani.